Sanduku la Mama: Filamu ya Poly Styrene na Deni Letu kwa Wanamuziki wa Kagera

Mwaka 2021 ilitoka nchini Uingereza filamu ya makala iitwayo Poly Styrene: I Am a Cliché. Inasimulia maisha ya mwanamke aliyeimba muziki wa panki, mtoto wa baba Msomali na mama Mwingereza. Walioiongoza ni wawili: Paul Sng, mtengeneza filamu, na Celeste Bell, binti wa mwimbaji huyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo ilitangazwa kuwa filamu bora ya makala katika Tuzo za Filamu Huru za Uingereza. Mkazi wa Rubya, huku Ihangiro wilayani Muleba, ana haki ya kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Huku tuna migomba na kahawa, tuna seminari kongwe na hospitali, tuna enanga na ngoma zetu. Panki wengi tumeisikia kwa vinyozi tu, kama jina la mtindo wa kukata nywele. Hata hivyo filamu hii inatuhusu sana, kwa sababu inajibu swali ambalo Kagera bado hatujalikabili: mwanamuziki akishafariki, nani atasimulia maisha yake, na atayasimulia kwa kutumia nini? Hoja ninayoitetea ni kwamba thamani ya filamu ya maisha ya msanii hutoka mahali pawili. Kwanza, kwenye vitu vilivyotunzwa nyumbani kabla mtu yeyote hajawaza kutengeneza filamu. Pili, kwenye ujasiri wa ndugu kukubali maisha hayo yasimuliwe jinsi yalivyokuwa. Kamera, taa na fedha hufuata baada ya hayo.

Panki ilizuka Uingereza katikati ya miaka ya 1970. Ajira zilikuwa zimepungua, na kufikia mwaka 1976 watu wasio na kazi walikuwa wamezidi milioni 1. Muziki wa roki uliokuwa ukitamba ulikuwa wa nyimbo ndefu, vyombo ghali na wapigaji waliosomea. Kijana wa mtaani aliusikiliza akijua kwamba hataweza kuupiga. Vijana wa panki wakaamua kutosubiri kufundishwa wala kuruhusiwa. Walipiga nyimbo fupi, za kasi, zenye kodi chache za gitaa, wakaimba kwa kupaza sauti juu ya maisha yao wenyewe, wakavaa nguo walizozichana na kuzibana kwa pini. Wengi walirekodi kwa kampuni ndogo ndogo na kujichapishia matangazo na majarida. Mtu anaweza kuuchukia mlio wake, lakini wazo lililokuwa ndani yake linaeleweka popote: mwenye la kusema aseme kwa chombo alichonacho, hata kama hajakimudu sawasawa.

Katika vuguvugu hilo aliingia Marianne Joan Elliott-Said, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1957 na kulelewa na mama yake kusini mwa London, katika mtaa wa Brixton. Siku alipotimiza miaka 19 aliliona kundi la panki la Sex Pistols likipiga katika mji wa pwani wa Hastings. Aliona vijana wa rika lake wakifanya kitu ambacho naye angeweza kukifanya. Akatoa tangazo gazetini kutafuta wenzake, na hivyo likazaliwa kundi la X-Ray Spex, lililokuwa na saksafoni ya Lora Logic, msichana aliyekuwa bado mwanafunzi. Jina la jukwaani, Poly Styrene, alilipata kwenye kitabu cha namba za simu za biashara, kwa kuwa alitaka jina la kitu cha plastiki, kitu cha kutumika na kutupwa. Mwaka 1977 walitoa wimbo wao wa kwanza, na mwaka 1978 wakatoa albamu ya Germfree Adolescents. Alipanda jukwaani akiwa na vyuma vya kunyooshea meno na nguo za rangi kali alizojishonea, binti wa rangi mchanganyiko katikati ya muziki uliokuwa umejaa wavulana weupe, na sauti yake ilikata hewa kuliko magitaa yote.

Alichokiimba kilitangulia wakati wake. Wakati wenzake wengi waliilaani serikali na ufalme, yeye aliutazama ulimwengu wa vitu: plastiki, dawa za usafi, matangazo ya biashara, na jinsi mtu anavyojengewa sura na soko hadi asijue tena yeye ni nani. Leo nchi kama Tanzania, iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, haihitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo lilistahili wimbo. Vilevile aliimba juu ya utambulisho, na alikuwa na sababu. Uingereza ya miaka hiyo ilikuwa na chama cha National Front kilichotaka wahamiaji na watoto wao wafukuzwe, na mtoto wa Msomali hakuhitaji kusoma magazeti ili ajue maana yake. Tarehe 30 Aprili 1978 X-Ray Spex walipiga katika tamasha kubwa la kupinga ubaguzi kwenye bustani ya Victoria, mashariki mwa London, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba wakijaribu kumgeuza kuwa pambo la kutamaniwa na wanaume, atanyoa kichwa. Mwaka huohuo akakinyoa.

Kisha mambo yakageuka. Safari za maonyesho, umaarufu na kutazamwa kila saa vilimchosha. Akaugua akili, akalazwa, na madaktari wakasema ana skizofrenia. Walikosea: miaka mingi baadaye, mwaka 1991, iligundulika kwamba maradhi yake yalikuwa yale yanayompeleka mtu kwenye msisimko mkali na kumrudisha kwenye sonona. Mwaka 1979 aliliacha kundi lake likiwa na albamu moja tu. Akatoa albamu yake binafsi mwaka 1980, akapata mtoto, kisha akajiunga na jumuiya ya waumini wa Krishna na kwenda kuishi nao karibu na London. Malezi ya mtoto yaliyumba, na Celeste alilelewa zaidi na bibi yake. Mama na binti walikuja kukaribiana tena ukubwani. Mwaka 2011, mwezi mmoja tu baada ya kutoa albamu ya Generation Indigo, Poly Styrene alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 25 Aprili. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Hapo ndipo filamu inapoanzia. Binti amebaki mlinzi wa kazi na kumbukumbu za mama yake: shajara, mashairi, michoro, picha, nguo, barua na karatasi za nyimbo. Kwa miaka kadhaa hakuweza kuvigusa. Alipovifungua, alikutana na mtu ambaye hakuwa mama aliyemkumbuka, wala hakuwa mwimbaji ambaye mashabiki walidai kumfahamu. Filamu inamfuata akienda mahali alipopita mama yake, huku shajara zikisomwa na mwigizaji Ruth Negga, ambaye naye ni mtoto wa wazazi wa rangi mbili, baba Mwafrika na mama wa Ulaya. Wanamuziki na marafiki wanasikika kwa sauti tu wakati macho yetu yanaziangalia picha za zamani, kwa hiyo hatuhamishwi kutoka kwa marehemu kwenda kwa watu maarufu waliokuja kumsifu. Linaloulizwa tangu mwanzo hadi mwisho ni swali la mtoto: je, alikuwa mama mwema? Filamu hailiruki swali hilo, na hailijibu kwa urahisi. Inaonyesha kuachwa kwa mtoto na inaonyesha ugonjwa, kisha inaonyesha upendo uliokuwepo pamoja na hayo yote.

Tuipime kwa kuilinganisha na nyingine. Mwezi Januari 1979, BBC ilionyesha katika kipindi chake cha Arena filamu fupi iliyouliza Poly Styrene ni nani. Ilimkuta akiwa hai, kijana, na wimbo mdomoni. Kamera zilikuwa nzuri na watengenezaji walikuwa mahodari. Lakini wao walikuwa wageni kwake, na yeye alikuwa mgonjwa ambaye hajatambuliwa ugonjwa wake, kwa hiyo swali lao liliishia kwenye mavazi, nyimbo na mazungumzo. Miaka 42 baadaye, binti alizitumia hata picha zile za zamani, akaziweka kando ya shajara, na mtazamaji akaelewa kwamba yule msichana mchangamfu alikuwa akizidiwa. Chukua pia filamu ya Julien Temple ya mwaka 2007 juu ya Joe Strummer wa kundi la The Clash, ambamo marafiki na watu mashuhuri wanazungumza wakiwa wameketi kuzunguka moto. Ni filamu yenye mapenzi, na inafundisha mengi. Lakini rafiki humkumbuka mtu wa jukwaani na wa safarini, ilhali mtoto hukumbuka meza ya chakula isiyokuwa na mtu. Tofauti ya filamu hizi haitokani na bajeti. Inatokana na nani aliyekuwepo, amebaki na nini mkononi, na yuko tayari kusema kiasi gani.

Wahaya wanaweza kuitambua kanuni hiyo bila kufundishwa na London. Katika usimulizi wa hadithi wa Buhaya, msimulizi huanza kwa kutamka kwamba alikuja na akaona, na wasikilizaji humjibu kwa kumtaka aone ili nao wapate kuona. Mtafiti wa Kimarekani Peter Seitel aliyezikusanya hadithi hizo aliuchukua mwitikio huo kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1980. Katika makubaliano hayo kuna masharti mazito. Anayesimulia anadai kuwa shahidi, na hadhira inampa masikio yake kwa sharti kwamba asiifiche kile alichokiona. Celeste Bell anasimama katika nafasi ya msimulizi wa namna hiyo. Alikuwepo, aliona, na anatuonyesha. Angekuja na sifa tupu, tungekuwa na haki ya kumwambia kwamba hajaona kitu.

Na Kagera tuna wasanii wa kufanyiwa kazi hiyo. Enanga, ubao uliochongwa na kufungwa nyuzi, ilipigwa katika nyumba za wakama, yaani watawala wa jadi, wa Ihangiro, Kiziba, Karagwe na kwingineko, na ilipigwa pia kwenye vikao vya lubisi, pombe ya ndizi. Mpigaji alisimulia kwa saa nyingi matendo ya mashujaa, ushindi wao na maangamizi yao. Mwaka 1970 msomi Ruth Finnegan aliandika kwa mashaka juu ya kuwepo kwa tendi katika Afrika. Mmoja wa waliomjibu ni Mugyabuso Mulokozi, mwana wa Kagera, ambaye mwaka 1983 alichapisha uchunguzi kuhusu wapiga enanga na mwaka 1986 akakamilisha tasnifu yake ya udaktari juu ya tendi za enanga za Wahaya katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kazi hiyo jina la mpigaji kama Habibu Selemani likaingia katika maktaba za dunia. Tendi zake ziliandikwa na kuchambuliwa, nasi tunapaswa kushukuru. Lakini tendi za mtu si maisha yake. Alijifunzaje, nani alimkataza, alikula nini wakati wa njaa, wakeze na watoto wake walisemaje alipokesha ugenini, alijisikiaje milki za wakama zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na nyumba zilizomlisha zikakosa uwezo? Kwa wapiga enanga wengi waliokwisha kufariki, maswali hayo hayakuulizwa.

Hata sauti zenyewe ziko mbali. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akarekodi muziki wa makabila mengi, Wahaya wakiwemo. Rekodi hizo zimo katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika Kusini. Bila Tracey tungekuwa maskini zaidi wa sauti za wakati ule. Lakini mgeni hurekodi wimbo na kuondoka. Muda wa kukaa na mwimbaji hadi jioni anapokuwa baba wa watu, hana. Kazi hiyo ni ya walio nyumbani, na ndiyo ambayo hatukuifanya.

Pingamizi la kwanza nitakaloambiwa ni la heshima. Kwa Mhaya, kama kwa Mswahili, marehemu hutajwa kwa wema, na siri za nyumba hubaki ndani ya nyumba. Mtoto anayemweleza mama yake kuwa aliugua akili, na kwamba alishindwa kumlea, ataonekana amemvua nguo mzazi wake hadharani. Pingamizi hili silidharau, kwa kuwa limejengwa juu ya wema. Lakini tutazame lilivyofanya kazi katika maisha ya Poly Styrene. Ukimya ndio uliomdhuru. Watu walizinunua rekodi zake bila kujua kwamba alikuwa akizidiwa, daktari alikosea, mtoto alikua na maswali juu ya mama yake. Ukweli uliposemwa, mama huyo hakushuka heshima. Mtazamaji anaondoka akimhurumia na kumstahi kuliko mwanzo, kwa sababu sasa anajua nyimbo zile zilitungwa na mtu aliyekuwa akipigana na nini. Isitoshe, katika vijiji vyetu wapo wanaougua akili na kufichwa vyumbani kwa sababu ya aibu hiihii. Msanii anayependwa, akijulikana kuwa aliugua na bado akatunga kazi kubwa, anawasaidia wagonjwa hao kuliko mahubiri mengi. Heshima inadai tusimzushie marehemu na tusimdhihaki. Haidai tumfanye asiwe mtu.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine kabisa: mtoto hawezi kuwa mkweli, atapendelea au atalipiza kisasi. Ni kweli kwamba damu hupotosha macho. Ndiyo maana muundo wa filamu hii unastahili kuigwa. Celeste Bell hakufanya kazi peke yake. Alishirikiana na mwongozaji asiye wa familia, ambaye angeweza kumuuliza maswali ambayo ndugu haulizi; akaweka sauti za watu waliomfahamu mama yake kabla yeye hajazaliwa; na juu ya yote akaweka shajara, ambamo marehemu anajisemea mwenyewe. Kumbukumbu ya mtoto inapopingana na karatasi ya mama, mtazamaji anayaona yote mawili. Ukweli wa namna hii ni kama ushahidi wa baraza la wazee: hakuna shahidi mmoja asiye na upande, kwa hiyo huitwa wengi. Anayetengeneza filamu ya mpiga enanga kwa kumhoji mwanawe tu amekosea, na anayetengeneza kwa kumwacha mwanawe nje amekosea zaidi.

Pingamizi la tatu linasema kwamba haya ni mambo ya wazungu, na kwamba msanii wetu anakumbukwa kwa nyimbo zake, hahitaji wasifu. Historia ya Kiswahili inakataa. Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert, ambaye alimhoji mwenyewe muda mfupi kabla hajafariki mwezi Julai 1950. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha hii aliona kwamba maisha ya mwimbaji, mtoto wa maskini aliyekuwa akiuza vyungu, yanastahili kitabu. Baada yake akaja Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, ambaye mwenendo wake ungewafurahisha vijana wote wa panki: alivuta sigara na kunywa hadharani, aliimba bila kuficha uso, alipiga ngoma za unyago, alikimbia ndoa. Mwaka 2006 Mwingereza Andy Jones alitoa filamu juu yake, As Old As My Tongue. Nayo haikumficha. Bi Kidude anaonekana kama alivyokuwa, na Zanzibar ilimlilia alipofariki tarehe 17 Aprili 2013.

Filamu hiyo ya Bi Kidude, pamoja na uzuri wake, inaithibitisha hoja yangu kwa upungufu wake. Kamera ilimfikia akiwa bibi kizee sana. Ujana wake, miaka ya kutembea bara na pwani, ndoa zake, masomo aliyoyapata kwa kumsikiliza Siti, vyote tunavipata kutoka kinywani mwake mwenyewe, na kinywa cha msanii mkubwa husimulia kwa kupamba. Hata mwaka aliozaliwa haukuwahi kujulikana kwa hakika. Hapakuwa na sanduku la barua, shajara wala picha za miaka ya 1930 ambalo mtu angelifungua. Poly Styrene aliishi miaka 53 tu, lakini tunamjua tangu usichana, kwa kuwa aliandika na kwa kuwa karatasi zake hazikuchomwa. Bi Kidude anakadiriwa kuishi karibu mara mbili ya miaka hiyo, na tunaijua vizuri miaka yake ya mwisho tu. Kilichozitenga filamu hizi mbili ni mazoea ya nyumbani ya kutunza.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, nalo husemwa haraka kuliko yote. Filamu ni ghali; Bodi ya Filamu ina taratibu zake; nani wa Muleba atatoa mamilioni? Jibu ni kwamba kutunza hakugharimu kama kutengeneza. Filamu ya Poly Styrene ilitoka miaka kumi baada ya kifo chake, na isingewezekana kama mwaka 2011 sanduku lingetupwa. Watengenezaji wanaweza kupatikana baadaye, na wafadhili pia. Kaseti iliyoshikwa na ukungu mara nyingi haiponi, na mzee aliyezikwa hahojiwi. Hapa Kagera tayari tunalipa wapiga picha za video kwenye harusi na kwenye misiba. Ajabu ni kwamba mzee aliyepiga enanga miaka 50 hupata kamera siku ya maziko yake, wakati hawezi tena kujibu swali, ilhali alipokuwa ameketi barazani na chombo chake mapajani hapakuwa na aliyemwelekezea hata simu.

Sheria nayo iko upande wa familia, ikijulikana. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake wajukuu wa mtunzi aliyefariki mwaka 1990 bado wana haki juu ya nyimbo alizozitunga. Faida yake tunaiona kwa walio hai. Saida Karoli, binti wa Bukoba, alipata umaarufu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuimba Kihaya, na wimbo wake wa Maria Salome ukaimbwa na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua na kuutengeneza upya, ukapata wasikilizaji wengine wapya kabisa. Nyimbo za Kagera zina uhai, basi, na zina soko. Lakini kijana aliyemjua Saida Karoli kupitia Diamond akitaka kujua alikotoka, alivyoanza, aliyemfundisha kupiga ngoma na alivyoishi baada ya kelele za umaarufu kupungua, atapata vipande vya mahojiano vilivyotawanyika. Yeye ni wa kizazi kinachoweza kuulizwa leo, na filamu yake haipaswi kusubiri tanzia.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya Poly Styrene: I Am a Cliché ni kwamba ni filamu kubwa, na kwamba ukubwa wake ulianza siku binti alipokataa kukitupa kile alichokuwa anaogopa kukitazama. Sote hatutakuwa waongozaji wa filamu, lakini kila nyumba yenye msanii inaweza kuwa nyumba yenye sanduku. Kama kwenu Rubya, Kamachumu, Nshamba au Kanyigo aliwahi kuwepo mpiga enanga, mwimbaji wa kwaya, kiongozi wa ngoma au kijana aliyepigia bendi mjini, fanyeni mambo haya mwaka huu. Kusanyeni kaseti, picha, barua na madaftari, mviweke pakavu, na nyuma ya kila picha mwandike majina, mahali na mwaka. Hamishieni kaseti kwenye kompyuta na mweke nakala zaidi ya mahali pamoja. Walio hai wahojini kwa simu, kwa Kihaya chao, bila kuwakatiza, na kwa idhini yao. Waulizeni pia yale ya taabu: ugonjwa, ulevi, madeni, ndoa zilizovunjika, nyimbo zilizoibwa. Msiyakate majibu kwa sababu yanauma. Walimu wa Kiswahili na wa historia katika shule zetu wanaweza kuifanya kazi hii kuwa zoezi la wanafunzi, kila mmoja akileta maisha ya msanii mmoja wa kijiji chake. Mkimaliza, atakayekuja na kamera, awe mtoto wenu au mgeni, atakuta kitu cha kusimulia.